Team Arena ya Quake III kwa mashine za ex-UK, itasaidia vijana wacheze kama timu? (Nakuru)

mtaa_freearea
Wadau habari za jioni. Niko na ka-base ka gemu huku Free Area, PS mbili za FIFA upande mmoja na upande ule mwingine kompyuta sita za ex-UK, Core 2 Duo zenye RAM 4GB, hazina kadi ya picha ya kando, ni ile tu ya Intel iko ndani. PS hazina shida. Kompyuta ndio zimekaa bure ju intaneti yangu ni bando ya simu na hakuna mtu atalipia gemu inakwama kila dakika.

Nataka kitu cha LAN, yaani mashine zinaunganishwa zenyewe hapa ndani, watatu kwa watatu. Kuna kastoma mmoja mtu mzima amenishow kuhusu Quake III, ile gemu ya kupigana risasi, na nyongeza yake ya Team Arena, akasema hapo ndio kuna gemu ya timu kwelikweli. Sasa maswali. Itakimbia bila intaneti kabisa? Inatofautianaje na Quake III ya kawaida, ju kwa video naona tu watu wanarukaruka wakirushiana roketi? Na swali kubwa kabisa ni hili: vijana wangu kila mtu anataka kuua tu, ukiwawekea bendera wanaiacha hapo chini wanafukuzana kwa korido mpaka dakika ziishe. Halafu kuna kijana mmoja ako na mkono hatari, akiingia wengine wanatoka, wanasema hakuna haja ya kulipa kupigwa. Natafuta mode, yaani aina ya mechi, ambayo mtu mmoja hata akiwa mkali namna gani hawezi beba mechi peke yake. Iko?

omera_kondele
Omera, hapo umeuliza kitu napenda. Nianze na mashine ju hio ni rahisi. Quake III Arena ilitoka Desemba 1999 na Team Arena ikafuata Desemba 2000, zote za id Software, kwa hivyo Core 2 Duo kwa hii kitu ni mashine kubwa sana. Angalia kitu kimoja tu. Hii gemu haiwezi kuchora picha kwa prosesa peke yake, inataka OpenGL, so kama Windows imewekwa juzi na hujaweka draiva ya Intel yenyewe itakataa kufunguka. Weka draiva kabla useme mashine imeshindwa, watu wengi hutupa gemu nzuri hapo.

Intaneti haihitaji hata kidogo. Mashine moja inakuwa seva na zingine zinaiona kwa menyu ya LAN. Tumia swichi na kebo, waifai achana nayo kwa gemu ya kasi hivi. Firewall ya Windows ikikuuliza mpe ruhusa, mlango ni UDP 27960, huo ukifungwa watu hawataona seva hata wakiwa wamekaa benchi moja. Na kama unaweza, ile mashine ya kaunta ifanye iwe seva pekee bila mtu kuichezea, ju anayecheza kwa mashine iliyoshika seva hana ucheleweshaji wowote na wenzake watamlalamikia, na wako na haki wamelipa sawa. Unaweka dedicated 1 ndio ibaki ndani ya LAN, 2 ni ya kutangaza seva kwa intaneti.

Exe ya CD ya zamani usihangaike nayo. id waliachilia kodi ya Quake III, yaani maandishi ya programu yenyewe, mwaka wa 2005 chini ya leseni huria ya GPL na kutoka hapo ikazaliwa ioquake3, hio inatembea poa kwa Windows za sasa na kwa Linux pia. Lakini elewa vizuri, kilichoachiliwa ni kodi, ramani na sauti na picha bado ni mali ya kununua, ziko Steam na GOG, na ukiwa na ile kadi ya M-Pesa GlobalPay unalipa bila kuingia benki. Ukishanunua unachukua pak0.pk3 ya folda ya baseq3 na ile ya folda ya missionpack, hio missionpack ndio Team Arena yenyewe, unaongeza zile faili za patch ziko kwa tovuti ya ioquake3, kisha unaanzisha na fs_game missionpack. Base ni biashara, kwa hivyo nunua kopi ya kila mashine na usome masharti ya leseni kuhusu kutoza watu, usianze kitu halafu uogope kila mtu akiingia amevaa tai.

Njia ingine ni OpenArena. Imejengwa juu ya hio kodi ya id lakini ramani, sauti, wahusika, kila kitu kimetengenezwa upya na kuachiliwa chini ya GPL. Unabeba kwa flashi unaweka mashine zote sita usiku mmoja na uko huru. Na zile mode za Team Arena ziko ndani.

nyar_milimani
Nami nijibu ile ya timu ju hapo ndio roho ya Team Arena iko. Quake III ya kawaida tayari ina CTF, ile ya kuiba bendera ya adui na kuileta kwenu, na mechi ya timu ya kuuana. Team Arena ikaleta tatu zaidi, One Flag CTF, Harvester na Overload, na kila moja inasukuma watu kivyake.

One Flag kuna bendera moja nyeupe katikati ya ramani, unaibeba unaipeleka kwa base ya adui. Kwa vijana wako hio itakuwa vurugu tu kama ulivyosema.

Harvester ni tamu kuangalia. Mtu akifa fuvu lake linatokea kwa kifaa kilicho katikati ya ramani, haliko pale alipofia, na timu ya adui ndio inaliokota na kulipeleka kwa base ya yule aliyekufa. Ukiuawa njiani mafuvu yote uliyobeba yanapotea, ukiwa nayo kumi kumi imeenda, na fuvu likiachwa bila kuokotwa linayeyuka baada ya sekunde 30. Kwa hivyo anayeua si lazima ndiye apate pointi. Kijana wako mkali anaweza ua siku nzima na kama hakuna mwenzake anaokota katikati timu haiendi mahali. Hapo ndio hata yule asiyejua kulenga anapata kazi ya maana kabisa, akili yake tu ya kujua saa ya kukimbia na mafuvu matatu na saa ya kungoja yafike sita.

Lakini kwa swali lako hasa, Overload. Kila timu iko na mnara kwa base yake, na unapata pointi ukivunja mnara wa adui. Sasa shika hizi namba ju zinaeleza kila kitu. Mnara una nguvu 2500 na unajirudisha 15 kila sekunde. Roketi moja ikigonga sawasawa ni 100, na rocket launcher ukiiokota inakuja na roketi kumi, inafyatua moja kila sekunde 0.8. Fanya hesabu. Mtu mmoja akiingia peke yake akamaliza roketi zake zote kumi bila kukosa hata moja ametoa 1000, na kwa hizo sekunde nane mnara umerudisha kama 120. Amebaki mikono mitupu na mnara uko na zaidi ya 1600. Akikimbia kutafuta risasi ama akiuawa, dakika moja baadaye mnara ni mzima kama hakuja mtu. Sasa waende watatu pamoja, kila mmoja na roketi kumi. Hio ni 3000 kwa zile zile sekunde nane, mnara umeanguka. Hakuna mahali gemu imewaambia mshirikiane, hesabu yenyewe ndio inawaambia, na vijana huielewa haraka kuliko mahubiri yoyote.

Na ukienda watatu wote, nyumbani hakuna mtu. Hapo ndio mazungumzo ya timu huanza.

njoro_fragger
Naheshimu mlivyoeleza lakini lazima mtu aseme upande wa pili. Team Arena ilichelewa. Unreal Tournament, gemu mpinzani wake, ilitoka Novemba 1999 ikiwa tayari na mode za timu, CTF, Domination na Assault, ndani ya boksi, halafu Team Arena inakuja mwaka mmoja baadaye na inauzwa kando na waandishi wa gemu wa wakati huo wengi waliona kilichoongezwa ni kidogo. Na wachezaji wa mashindano wakabaki na Quake III ya kawaida. Zile ramani zake za nje kubwa, mpterra1 na wenzake, kwa watu sita ni kutembea tu, unatafuta adui kama umepoteza ng'ombe.

Mimi ningemwambia aanze na CTF ya kawaida. Ndio mchezo wa timu wa Quake tangu mwanzo, Threewave CTF ya Dave Kirsch ya Quake ya kwanza iko tangu 1996 na hata runes za Team Arena, zile nguvu za ziada mtu anaokota, wazo lake linatoka huko. Sheria unaeleza kwa sentensi moja, ramani ni nyingi, na bendera iko kwa kila base kwa hivyo lazima mtu abaki nyuma. Mode mpya nyingi zitawachanganya vijana waliozoea FIFA.

nyar_milimani
@njoro_fragger kaka kuhusu kuchelewa na bei uko sawa, sina ubishi, na ramani za mpterra kwa watatu kwa watatu hata mimi siwezi zipendekeza, hapo zitahitaji watu wengi zaidi. Lakini yeye hauzi gemu mwaka wa 2000. Ana shida moja, kijana mmoja anayefukuza wengine, na CTF haimtatui huyo. Kwa CTF mtu mmoja hodari anaingia anachukua bendera anaruka na roketi anarudi nayo na wenzake hata hawajajua. Nimeona hio mara nyingi hapa Kisumu. Overload inamnyima hio nafasi kwa hesabu.

Na hata ukimpa Doubler. Kwa wasiojua, Team Arena ina zile nguvu nne za kudumu ziko kwa base, unachagua moja na unakaa nayo mpaka ufe. Scout unakimbia mara moja na nusu na kufyatua haraka lakini huwezi vaa ngao ya mwili kabisa. Guard unaanza na damu 200 na inajirudisha polepole. Doubler kila unachopiga ni mara mbili. Ammo Regen risasi zinajirudisha zenyewe na unafyatua haraka kidogo. Sasa mpe kijana Doubler na roketi kumi, hio ni 2000, bado mnara haujaanguka! Kwa roketi kumi tu, peke yake anayeweza ni yule ameshika Quad, ile nguvu ya muda inaokotwa kwa ramani, hio inazidisha mara tatu, roketi kumi zinakuwa 3000. Kwa hivyo kitu cha kwanza timu inafundishwa ni kuhesabu Quad, inarudi kila sekunde 120, na mtu mmoja awe pale saa hio. Si lazima aichukue. Aizuie tu.

Mgawanyo ninaoupenda kwa watatu ni Guard mlangoni na proximity launcher, ile inatega mabomu yanayonata kwa ukuta na sakafu na kulipuka adui akisogea. Hio bunduki ililetwa na Team Arena pamoja na nailgun na chaingun. Ammo Regen kwa yule anayepiga mnara. Scout apeleke macho, aangalie wanatoka na njia gani, na azuie Quad. Saa ya kushambulia kwa nguvu Guard anaacha mlango wanaenda wote, lakini wanaenda wakati Scout amesema adui wawili wamekufa tu sasa hivi.

mwana_ingo
Niko Kakamega, nimesoma yote na ningependa kuongeza vitu ambavyo mwenye base lazima ajue kabla ya kufungua mlango. Wateja wako wana miaka mingapi? Quake III ni gemu ya damu, ilipewa alama ya watu wazima huko Marekani. com_blood ukiiweka 0 damu inapungua, lakini ni gemu ya kuuana bado. OpenArena nayo watengenezaji wenyewe wanasema haifai walio chini ya miaka 17, na si damu pekee, kuna wahusika wa kike wamevaa vibaya. Mzazi wa Free Area akipita hapo dirishani akaona skrini hizo utaeleza nini? Mimi ningeweka wakubwa jioni na watoto wa shule wabaki na FIFA. Naongea kwa nia njema, biashara ya mtaa ni jina.

Ile ingine ni watu wakipungua. Kuna boti, yaani wachezaji wanaoendeshwa na kompyuta yenyewe. Zile za Quake III zimeandikwa na J.M.P. van Waveren na akazifanyia hadi tasnifu pale Delft, Uholanzi, na kwa mode za timu zinaelewa amri ukiziandikia kwa chati ya timu, ukiiambia ilinde base inalinda. Weka bot_minplayers na watu wakiwa wanne boti mbili zinajaza nafasi zenyewe, mtu akiingia moja inatoka. Kwa vijana wanaojifunza Overload boti ni nzuri sana ju inakaa kazi yake, haiendi kutafuta sifa.

Na Team Arena iko na ile skrini ya timu inaonyesha mwenzako ako wapi, damu yake, ngao, bunduki aliyoshika na kazi aliyopewa. Kiongozi wa timu anapeana kazi kwa menyu, shambulia, linda, fuata, sindikiza, na sauti inasikika. Kwa chumba kimoja mtaongea tu kwa mdomo lakini hio skrini waachie iwe wazi, cg_drawTeamOverlay, ju kelele ikizidi hakuna mtu anasikia mwingine.

mtaa_freearea
Asanteni sana wakubwa, hamjui vile mmenisaidia. Dada @nyar_milimani hio hesabu ya roketi nimeisoma kwa sauti hapa base na vijana wawili wakaanza kubishana nani atabaki nyuma kabla hata gemu haijawekwa. @mwana_ingo umeongea kitu muhimu, wengi ni wa campus na boda lakini kuna wa sekondari wanapitia saa kumi. Nitaweka saa za wakubwa kuanzia jioni na kompyuta zile zigeuzwe zisiangalie barabara.

Nitaanza na OpenArena kwanza, wakishika ndio ninunue Team Arena yenyewe. Maswali mawili ya mwisho. Kwanza, mashine ni sita na omera alisema seva iwe kando, sasa nikitoa moja watabaki watano? Pili, yule kijana mkali, mbali na Overload kuna kitu ingine naweza kumfanyia bila kumvunja moyo? Ako poa, hana dharau, ni vile tu anajua.

omera_kondele
Ya kwanza ni rahisi. Seva isiyo na mchezaji haichori picha yoyote, hata ka-laptopu kazee kako kwa kabati katatosha, ama ile kompyuta ya kaunta unayoandikia pesa. Unaiwasha tu na konsoli, lile dirisha la kuandika amri. Kabla ya kuita ramani weka g_gametype 6, hio ndio namba ya Overload kwa Team Arena na OpenArena pia, 7 ni Harvester, 5 ni One Flag, 4 CTF. Weka capturelimit 3 na timelimit 15 ndio mechi ziishe na foleni isonge. g_teamForceBalance 1 ndio wasijazane upande mmoja. g_friendlyFire iwache 0 mpaka wajue kutembea pamoja, watatu wakirusha roketi mahali pamoja bila mazoea watauana wao kwanza. g_obeliskHealth usiiguse, hio 2500 imepimwa.

Ya pili, Quake III iko na handicap kwa mipangilio ya mchezaji, inaenda mpaka 100, ukimwekea 70 damu yake na nguvu za risasi zake zinashuka. Lakini muulize mwenyewe kwanza, akikataa usilazimishe.

njoro_fragger
Kuhusu kijana, mimi nimecheza na watu wa aina hio hapa Njoro na nakubaliana na nyar, Overload itampunguza. Nimeangalia ile hesabu tena na sina cha kupinga. Ila ningemfanya nahodha. Mpe wale wawili dhaifu kabisa, na umwambie mbele ya wote kwamba leo haangaliwi kwa idadi ya alioua, anaangaliwa kwa mnara. Mtu anayejua gemu akipewa kufundisha huwa anabadilika, anaanza kuona ramani yote. Na apewe Scout. Bila ngao hawezi simama kupigana na watu watatu, lazima akimbie arudi na habari.

nyar_milimani
Hapo kaka umemaliza. Scout kabisa.

Mtaa_freearea, OpenArena ikishaingia waanzishe na boti tu usiku mmoja bila kulipisha, wasome ramani, wajue roketi ziko wapi na Quad iko wapi. Kwa Overload asiyejua roketi zinaokotwa wapi ndiye anachelewesha wote. Halafu mkitaka mechi na Kisumu mje nayo timu moja ya watatu wikendi, sisi swichi tuko nayo.

mtaa_freearea
Tunakuja. Nipeni mpaka mwisho wa mwezi wazoee, na mtuambie mtacheza ramani gani ndio tuisome.